Jinsi ya Kupata Muda wa Kikao Unaowafaa Wajumbe Wengi

Makatibu wengi wa kamati za harusi na vikundi vya kuweka na kukopa hapa Moshi huanza kupanga kikao kwa kuuliza kwenye kundi la WhatsApp, "Ndugu wajumbe, mnapatikana lini?" Mmoja hujibu jioni, mwingine wikiendi, wa tatu "siku yoyote isipokuwa kesho", na waliobaki hukaa kimya. Utaratibu ninaoutumia katika ukatibu wangu huanza upande wa pili, yaani kwa kuondoa kwanza nyakati zisizowezekana.

Hatua ya 1: Bainisha wasiokosekana. Soma katiba ya kikundi ujue akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa ili kikao kiwe halali, kisha orodhesha wale ambao wasipofika shughuli haiendi. Katika kikundi chenye sanduku la fedha la kufuli tatu, washika funguo wote watatu wamo katika orodha hiyo, kwa kuwa hata wajumbe wengine wote wakihudhuria, sanduku halitafunguka. Wapigie simu hao kabla ya kuandika lolote kwenye kundi.

Hatua ya 2: Kusanya vikwazo. Ujumbe uwe na mipaka, kwa mfano: "Ndugu wajumbe, habari za jioni. Tafadhali kila mmoja aandike siku na saa ambazo hataweza kabisa kuhudhuria katika wiki mbili zijazo. Mwisho wa kupokea majibu ni Alhamisi saa 2:00 usiku." Watu hukumbuka vikwazo vyao upesi kuliko nafasi zao. Vingine katibu anatakiwa avijue bila kuuliza: Waislamu wana sala ya Ijumaa mchana, Wasabato hawapatikani tangu Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua, na asubuhi ya Jumapili ni ya ibada. Muuguzi wa hospitali ya KCMC hufuata ratiba ya zamu, mama mwenye meza Soko la Mbuyuni hawezi kuiacha biashara asubuhi, na mwongoza watalii aliyepanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame atakuwa huko siku sita au saba, hivyo muulize kabla hajaondoka. Anayeishi Kibosho au Uru naye afikiriwe usafiri wa kurudi, jambo ambalo sisi wa mjini hulisahau.

Hatua ya 3: Pigisha kura kwa nyakati tatu au nne zilizosalia. Kura ya WhatsApp hupokea hadi machaguo 12, lakini mengi hivyo huwachosha watu bure. La muhimu ni kuruhusu mjumbe achague kila muda anaouweza. Tuchukue kikundi cha watu 20: kila mmoja akichagua muda mmoja tu, Jumamosi saa 3:00 asubuhi inaweza kupata kura 8, Jumapili saa 9:00 alasiri 7, na Jumatano saa 11:00 jioni 5, nawe ukatangaza Jumamosi. Wakiruhusiwa kuchagua zaidi ya mmoja, huenda Jumapili ikafikisha 17 na Jumamosi ikaishia 11, maana wengi waliochagua siku nyingine waliiweza pia Jumapili ila hawakupewa nafasi ya kusema.

Hatua ya 4: Tangaza kanuni ya uamuzi kabla ya kura kuanza. Yangu ni hii: muda ambao mshika funguo yeyote hawezi unaondoka hata ukiongoza; kati ya nyakati zilizobaki, ule wenye wajumbe wengi zaidi unashinda, ilimradi akidi itimie; kura zikilingana, tarehe ya karibu inachukuliwa. Kanuni ikitajwa baada ya matokeo, itaonekana imetungwa kwa ajili ya mtu.

Hatua ya 5: Andika saa kwa ukamilifu. "Saa 9" peke yake haitoshi, kwa sababu anayeingiza 9:00 kwenye kalenda ya simu ataitiwa kengele saa 3 asubuhi. Saa 9:00 alasiri huingizwa 15:00. Kwa kamati ya harusi yenye ndugu Uingereza, taja saa ya huko pia: alasiri hiyo ni saa 6:00 mchana London mwezi Januari, lakini ni saa 7:00 mchana mwezi Julai, kwani wao husogeza saa zao nasi hatusogezi.

Baada ya hapo funga kura, weka tangazo moja lenye siku, tarehe, saa, mahali na ajenda, na ukumbushe jioni ya kuamkia kikao. Atakayeomba udhuru baada ya tangazo aandikwe katika mahudhurio kuwa ana udhuru, na muda usibadilishwe, isipokuwa ni mshika funguo au kumetokea msiba.