Barua ya chuo cha Marekani ikikuandikia "kazi": isome hivi kabla hujapiga hesabu

Shemeji alipanda basi kutoka Kondoa hadi kwangu hapa Area C na bahasha ya kaki mkononi. Binti yake amepata chuo Marekani, na ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya msaada wa fedha. Pembeni mwa barua shemeji alikuwa ameshajumlisha kwa kalamu na kupigia mstari mara mbili: pengo dola 600. "Hizo nauza ng'ombe, mambo yanaisha," akasema.

Pengo lilikuwa dola 3,000. Alikuwa amejumlisha na dola 2,400 za kazi.

Mimi nilisoma huko kwa msaada wa namna hiyo, zamu za maktaba na za bwaloni miaka minne. Yafuatayo ndiyo niliyomweleza shemeji, pamoja na yale niliyomwambia mpwa wangu pembeni.

Hatua ya 1: Tenganisha mafungu

Barua huorodhesha ruzuku, mkopo na kazi mfululizo, kama vile zote ni hela moja. Ruzuku inapunguza ada papo hapo. Kazi haipunguzi kitu. Sisi tuliozoea bumu, ile hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, ndio tunaoteleza hapa: bumu unasaini, linaingia, unakula. Hii ya huko unafanya kazi kwanza, unajaza saa zako, kisha unalipwa, mara nyingi kila baada ya wiki mbili. Na kazi yenyewe unaiomba kama mtu mwingine yeyote; barua haikupi kiti.

Chukua ile 2,400 ya mpwa wangu. Chuo kikilipa dola 12 kwa saa, hizo ni saa 200. Mwaka wa masomo una kama wiki 30, kwa hiyo ni saa sita mpaka saba kila wiki, bila kuugua. Inawezekana kabisa. Ila bili ya Agosti inakuja kabla hujafanya kazi hata saa moja, kwa hiyo hela ya Agosti itafutwe kwingine.

Hatua ya 2: Uliza hela ni ya nani

Federal Work-Study ni mpango wa serikali ya Marekani. Kuupata lazima ujaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali hiyo, na uwe raia, mkazi wa kudumu, au mmoja wa makundi machache kama wakimbizi. Mtanzania mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, hayumo. Kijana aliyehamia na wazazi wake kwa grin kadi yumo, na yeye azingatie mambo mawili: asifanye kazi saa ambazo ratiba inamtaka darasani, na asichume kuzidi kiasi alichopangiwa.

Wa F-1 hulipwa kutoka mfuko wa chuo chenyewe. Waandikie ofisi ya msaada wa fedha sentensi moja tu: hii kazi ni ya serikali au ya chuo? Wakati mwingine barua imeandikwa kwa jumla na hakuna aliyeangalia pasipoti yako.

Hatua ya 3: Makaratasi

Ukifika, ripoti kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ukishapata kazi, chukua barua mbili, moja ya ofisi hiyo na moja ya anayekuajiri, uende nazo kuomba namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) pamoja na pasipoti, I-20 (fomu ya chuo iliyokuombea viza) na I-94 (rekodi ya kuingia nchini). Fomu ya I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, unajaza sehemu yako kabla siku ya kwanza ya kazi haijaisha, na nyaraka halisi zikaguliwe ndani ya siku tatu za kazi. Picha ya simu haikubaliki.

Hatua ya 4: Soma slipu yako ya kwanza

Hapa niliumia mwenyewe. Mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hakatwi FICA (makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya Medicare) katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda. Mimi nilikatwa. Slipu ilisema dola 180, saa 15 za kupanga vitabu, na chini yake makato mawili, asilimia 6.2 na 1.45. Jumla dola 13.77. Nikadhani ndiyo kodi ya huko, nikanyamaza mpaka slipu ya nne. Karani wa mishahara alikuwa ameniweka kundi la wenyeji. Nilipomwonyesha I-20 alirekebisha na kunirudishia. Kodi ya mapato ni jambo jingine, hiyo inaweza kukatwa kihalali.

Hatua ya 5: Saa 20

Masomo yakiendelea, mwisho ni saa 20 kwa wiki, za kazi zote za chuoni kwa pamoja. Hakuna kufidia wiki hii kwa wiki ijayo. Una 10 za bwaloni na 8 za maktaba, rafiki anakuomba umshikie zamu ya saa tatu: hizo ni 21, na hadhi yako ya uanafunzi iko hatarini kwa sababu ya sahani. Mwambie pole, haiwezekani. Likizo unaweza kufanya muda wote, mradi unarudi masomoni muhula unaofuata.

Nje ya chuo, bila kibali, usiguse. Mpwa wangu anasuka vizuri sana, na najua wasichana wa bwenini watamtafuta. Kumsuka rafiki bure ni urafiki. Akipokea dola 60, ni kazi isiyo na kibali, hata kama ameifanya chumbani kwake juu ya kitanda. Kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu ni hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Aprili

Mwajiri anatoa fomu ya W-2, yenye mshahara na makato yako ya mwaka, mwishoni mwa Januari. Unajaza fomu ya kodi ya wageni, 1040-NR, na ile ya 8843 ya kuonyesha upo kama mwanafunzi wa kigeni, kabla ya tarehe 15 Aprili. Vyuo vingi vina programu ya kusaidia wageni. Itumie hiyo, usiige ya mwenzako Mmarekani, fomu yake si yako.

Shemeji alisikiliza yote, akaomba kalamu, akafuta 600.

"Basi ng'ombe ni watano," akasema, akaanza kuwataja mmoja mmoja.