Kutafuta ukingo wa mwamba nje ya Tanga
Usitupe mshipi wa kuvulia samaki popote. Tafuta ukingo, pale mwamba unapokatika na maji kugeuka buluu iliyoiva kuelekea mkondo wa Pemba. Huna mashine ya kupimia kina? Teremsha chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, kwa kamba yenye fundo kila pima, kama mita 1.8. Paka sabuni ya mche chini yake: ikipanda na mchanga, sogea, ikirudi imechubuka tu, uko juu ya jiwe.

Samaki hukaa upande unaopigwa na mkondo, chakula huletwa huko. Tia nanga mbele ya mwamba, mkondo unakotokea, chambo kishuke chenyewe. Wengi hutia juu ya jiwe lenyewe: nanga inanasa, samaki wa mwambani kama chewa wanaingia pangoni. Chubwi ya kuvulia ifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Ikikwama, uzi huo ndio unaokatika, ndoana inabaki. Nguru ni samaki wa juujuu, huyo mkokotee chambo nyuma ya chombo.