Kufunga vikanyagio vya mbele kwenye pikipiki ya kruza, nyumbani Mombasa

Vikanyagio vyenyewe, yaani futresti, hufungwa upesi. Kazi iko kwenye rodi ya gia na breki ya nyuma, kwa sababu ukisogeza miguu mbele sentimita 20 au 30, kila kilichokuwa kikifikisha nguvu ya mguu kwenye giaboksi na gurudumu la nyuma hakifiki tena. Seti isiyo na rodi zake wala maelezo ya breki usiinunue, hata ikimeremeta kromu namna gani. Wala usichanganye na zile futresti za kubana kwenye bomba la kukinga injini: hizo ni za kupumzishia miguu tu, hazina breki wala gia.

Itazame kwanza breki uliyo nayo. Yamaha Virago 250 ina dramu nyuma, kwa hivyo hapo shida ni ya urefu wa kiunganishi tu. Honda Rebel 500 na Harley-Davidson Sportster 883 zina diski, na seti za diski ni za aina mbili. Kuna zinazoiacha masta silinda (pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki) mahali pake na kuisukuma kwa rodi ndefu, na kuna zinazoihamisha mbele pamoja na paipu mpya ndefu ya mafuta. Kwa mtu anayefanyia kazi uani, ya kwanza ndiyo bora, maana mfumo wa mafuta haufunguliwi kabisa.

Mwombe mtu aishike pikipiki wima, ukae, unyooshe miguu hadi pale futresti zitakapokuwa. Kisigino kikiwa juu ya futresti, uweze kukanyaga breki hadi mwisho bila makalio kuteleza kitini. Goti likinyooka kabisa, seti hiyo ni ndefu kwako.

Andaa soketi, spana za L, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), gundi ya nati ya buluu, grisi na mafuta ya kulegeza kutu. Sportster hutumia vipimo vya inchi: soketi ya milimita 13 huingia kwenye bolti ya nusu inchi, lakini huchezacheza na kuvua pembe zake. Hapa pwani, bolti za chini ya fremu hurushiwa maji na mchanga na gurudumu la mbele, na chumvi ya hewani humalizia. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza tangu jioni ya kuamkia kazi. Bolti ikikataa, igonge kichwani kwa nyundo ndogo, inyunyizie tena, ungoje. Ukiilazimisha itakatikia ndani.

Simamisha pikipiki kwenye sakafu ya saruji, gurudumu la nyuma likiwa juu, na mbele uifunge kamba pande mbili. Piga picha za viungo vya zamani kabla ya kugusa chochote. Kwenye shafti ya gia, gonga alama kwa pointa (chuma chenye ncha) mkabala na mwanya wa leva. Kisha toa bolti yake yote, usiilegeze tu: mara nyingi hupita kwenye mfereji wa shafti, na ukivuta leva ikiwa bado ndani utaharibu meno.

Funga breketi mpya kwa mkono kwanza, bolti zote, ndipo ukaze. Kipimo cha kitabu cha pikipiki ndicho cha kufuata. Pasipo kitabu, bolti ya M8 (unene wa milimita 8) ya daraja la ugumu la 8.8 kwenye chuma ni kama Nm (nyutoni-mita) 22 hadi 25, na M10 ni Nm 45 hadi 50. Kwenye alumini punguza. Bolti ya stenlesi ndani ya alumini, kwa hewa yetu ya chumvi, huila ile alumini mpaka hesi zinang'oka nayo, kwa hivyo usiifunge kavu. Gundi ya buluu hushika na pia huzuia maji kuingia. Usipake gundi na grisi kwenye bolti moja.

Rodi ya gia ina hesi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, hivyo ukiizungusha inarefuka au kufupika bila kuing'oa. Irekebishe hadi ifanye pembe mraba na mkono wa shafti leva ikiwa katikati ya mwendo wake. Pembe ikikosewa, gia zitapanda vizuri lakini kushuka zigome, au ukwame katikati ya gia mbili. Hesi za M6 ziingie angalau milimita 9, kisha kaza loknati, ile nati ya kuifungia rodi isizunguke. Injini ikiwa imezimwa, zungusha gurudumu kwa mkono na pitia gia zote. Gia ya kwanza ikiingia kwa kuinua leva, mkono wa shafti umeugeuza juu chini.

Breki ndiyo isiyosamehe. Rodi inayosukuma masta iwe na mchezo wa milimita 1 au 2 kabla ya kugusa pistoni. Ukiikaza mno, tundu la kurudishia mafuta halifunguki. Mafuta yakipata joto hutanuka, na breki hujikamata yenyewe barabarani. Kwa dramu, ncha ya pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30.

Ikiwa umebadilisha paipu, weka washa (pete bapa) mpya za shaba pande zote mbili za kila kiungo, na mafuta aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 4. Fungua kopo jipya. Mafuta haya hufyonza unyevu, na Mombasa haikosi unyevu. Toa upepo hivi: mpira wa bomba kwenye nipeli ya kalipa (kibanio cha diski), kanyaga, fungua robo mzunguko, funga, ndipo uachie. Rudia hadi mapovu yaishe, na masta isikauke. Pedali ikibaki laini, upepo umekaa kwenye kiungo kilicho juu zaidi. Mafuta yakimwagikia rangi, osha kwa maji papo hapo.

Swichi ya taa ya breki rekebisha kwa nati yake, si kwa kuzungusha mwili wake, usije ukasokota nyaya. Taa iwake kabla breki haijashika. Geuza usukani hadi mwisho pande zote, miguu ikiwa juu: vidole visiguse gurudumu. Stendi ya pembeni ifunguke na kujifunga bila kugusa leva.

Zungusha gurudumu, kanyaga, achia: lizunguke tena huru. Kisha jaribu uani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Usiende Likoni kwanza. Kwenye mteremko wa kuingilia feri, chuma chake kikiwa na maji na foleni ikitambaa, breki ya nyuma ndiyo inayokubeba, na mguu wako bado haujajua pedali mpya iko wapi. Matuta pia yaendee polepole, kwa kuwa miguu ikiwa mbele huwezi kunyanyuka, na pigo lote hupokelewa na mgongo.

Baada ya kilomita 50 kaza upya bolti zote za breketi. Viungo vya rodi vioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuvipaka grisi kila mwezi. Kiungo kikianza kuchezacheza, kibadilishe, kwa kuwa kukaza loknati hakurudishi kilicholika.