Shaka isikutoe kwa felo (fellowship ya kanisa)

Kama siku hizi sifa zikianza kanisani wewe unaangalia tu watu wameinua mikono na ndani yako hakuna kitu, usijilazimishe kuimba lakini pia usihepe. Tomaso, mwanafunzi wa Yesu, alisema wazi haamini Yesu amefufuka mpaka aguse alama za misumari na bado siku nane baadaye alikuwa ndani ya nyumba na wenzake, hawakumfukuza, iko Yohana 20. Ukikosa maneno ya kuomba soma Zaburi 88, hata ukiwa kwa matatu ya Rongai na jamu ni ile ya kawaida, hiyo zaburi inaisha kwa giza tupu na bado ni maombi. Alafu ambia mtu mmoja, si lazima pasta, na akikurushia “ongeza imani tu” tafuta mwingine.