Namna ya Kupanga Mechi ya Kirafiki ya Timu ya Taifa

Kabla shirikisho la soka la nchi halijaandika barua hata moja ya kuomba mpinzani, kocha mkuu na benchi lake la ufundi wanapaswa kueleza kwa maandishi wanataka kujua nini kupitia mechi hiyo. Huenda wanatafuta beki wa kushoto kwa kuwa aliyekuwepo anauguza goti; huenda wanataka kuona kama viungo wao wanaweza kukaa na mpira mbele ya timu inayokabia juu, yaani inayowabana wapinzani karibu na lango lao; au timu imefuzu fainali na inahitaji kuonja aina ya soka itakayokutana nayo kwenye kundi. Maelezo hayo ndiyo yanayopaswa kuamua mpinzani, uwanja na tarehe. Mara nyingi mambo huanzia upande wa pili: linapatikana jina la timu iliyo tayari kucheza, kisha kocha anaambiwa ajiandae nayo, na baada ya dakika tisini hakuna anayeweza kusema timu imejifunza nini.

Mfano mzuri ni wa timu ya taifa ya Tanzania, Taifa Stars, yenyewe. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, Tanzania ilipangwa na Morocco, Zambia na DR Congo, na mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Morocco tarehe 17 Januari. Tarehe 7 Januari Stars ilicheza Cairo dhidi ya Misri na kufungwa 2-0. Kwa maoni yangu huo ulikuwa mpango sahihi, kwa sababu Misri ndiyo timu inayokaribiana zaidi na Morocco kwa ubora na mtindo, na siku kumi zilitosha kurekebisha yaliyoonekana. Morocco ilishinda 3-0 hata hivyo, lakini Stars haikuvunjika. Ilitoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha suluhu ya 0-0 na DR Congo. Mwaka 2019 pia, ikijua kwamba kundi lake lina Senegal, Kenya na Algeria, ilianza kwa kupimana na Misri mjini Alexandria na kufungwa 1-0. Mechi ya kirafiki ya kujiandaa na mashindano isichaguliwe kwa hofu ya kufungwa.

Swali la kocha likishajulikana, fungua kalenda ya FIFA. Dirisha la kawaida la kimataifa, yaani siku zilizotengwa kwa mechi za timu za taifa, huanza Jumatatu na kumalizika Jumanne ya wiki inayofuata, na timu huruhusiwa kucheza mechi mbili, zikiachana kwa angalau siku mbili kamili. Kuanzia 2026 madirisha ya Septemba na Oktoba yameunganishwa kuwa dirisha moja la siku 16 lenye nafasi ya mechi nne, jambo linalozipa timu zetu muda mrefu wa kambi ambao hazijawahi kuuzoea. Kumbuka pia kwamba mechi mbili za dirisha moja kwa kawaida zinapaswa kuchezwa ndani ya eneo la shirikisho moja la bara, kama CAF la Afrika, na ruhusa ya kuchanganya mabara ina masharti ya umbali wa safari na tofauti ya saa. Anayefikiria mechi moja Dar es Salaam na nyingine katika nchi za Ghuba, zilizo bara la Asia, ayasome masharti hayo kabla ya kuahidi chochote.

Ndani ya dirisha, siku ya mechi ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mchukulie mchezaji wa klabu ya Ulaya aliyecheza Jumapili jioni. Anasafiri Jumatatu, anabadilisha ndege, anatua Dar es Salaam Jumanne akiwa na usingizi na misuli iliyokaza, na Jumatano anafanya mazoezi mepesi tu. Ukipanga mechi Alhamisi, umempata akiwa amechoka na kocha hajapata hata kipindi kimoja kamili cha mbinu. Ukipanga Ijumaa au Jumamosi umempa kocha kikosi, na bado Jumanne inabaki kwa mechi ya pili.

Barua za kuwaita wachezaji wa nje zinapaswa kuwafikia angalau siku 15 kabla ya siku ya kwanza ya dirisha, na klabu ijulishwe wakati huohuo. Nje ya dirisha klabu haina wajibu wa kumwachia mchezaji, na mpango wa FIFA wa kuzifidia klabu pale mchezaji anapoumia akiwa na timu ya taifa na kukaa nje zaidi ya siku 28 umefungamanishwa na kalenda hiyo. Kwa hiyo mechi ya nje ya dirisha ni ya wachezaji wa ndani, na ipangwe hivyo tangu mwanzo. Hata wachezaji wa ndani wanahitaji makubaliano na Bodi ya Ligi, hasa msimu ambao Simba na Yanga ziko kwenye michuano ya CAF na mechi za viporo, yaani zilizoahirishwa, zimejaa. Ukiisogeza ligi bila mashauriano, utazipata klabu zikiwa zimenuna na wachezaji wakiwa na mechi tatu ndani ya wiki.

Hesabu ya viwango vya ubora vya FIFA nayo iwekwe mezani mapema. Tangu Agosti 2018, mechi ya kirafiki ndani ya dirisha ina uzito wa 10 (namba inayozidishwa katika kukokotoa pointi), na nje ya dirisha uzito wa 5, ilhali mechi ya kufuzu ina 25. Pointi anazopata mshindi hutegemea tofauti ya pointi kati ya timu hizo mbili. Timu yenye pointi 1,200 ikicheza ndani ya dirisha na yenye 1,500, ikifungwa inapoteza takriban pointi 2.4, ikitoka sare inapata 2.6, na ikishinda inapata 7.6. Ikicheza na timu iliyo chini yake kwa pointi 300, mambo yanageuka: ushindi unaleta 2.4 tu, sare inapunguza 2.6, na kufungwa kunaondoa 7.6. Anayekimbilia wapinzani dhaifu ili kupanda viwango anajihatarisha kwa faida ndogo mno.

Kumpata mpinzani mkubwa kunahitaji kutazama nani anapita jirani. Januari 2010 Ivory Coast ilicheza Dar es Salaam ikielekea AFCON ya Angola, na tarehe 7 Juni mwaka huohuo Brazil ilikuja kuifunga Stars 5-1 siku chache kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Timu hizo zilihitaji hali ya hewa ya Afrika na uwanja mzuri, na Tanzania ilikuwa navyo. Njia nyingine ni mashindano madogo ya kirafiki: Machi 2024, kupitia FIFA Series iliyofanyika Azerbaijan, Stars ilicheza na Bulgaria na Mongolia, wapinzani ambao ingekuwa vigumu kuwapata kwa barua za kawaida.

Mazungumzo yafanyike kati ya shirikisho na shirikisho. Wakala wa mechi akiwepo, hakikisha ana leseni ya FIFA, kisha piga simu moja kwa moja kwa katibu mkuu wa shirikisho la mpinzani na kuuliza kama anaifahamu mechi hiyo. Septemba 2010 Bahrain iliifunga timu iliyovaa jezi za Togo mabao 3-0, halafu Shirikisho la Togo likasema halikutuma timu yoyote. Simu moja ingetosha kuizuia aibu hiyo.

Mkataba uandikwe kwa ukamilifu: tarehe, saa na uwanja, nani analipia tiketi za ndege, hoteli na usafiri wa ndani, na kwa watu wangapi, ada ya mpinzani kama ipo, na italipwa kwa awamu zipi, haki za matangazo na mapato ya mlangoni ni za nani, rangi za jezi, na fidia itakayolipwa na upande utakaojitoa, ikipanda kadiri siku ya mechi inavyokaribia. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachookoa fedha za umma mpinzani anapojitoa wakati hoteli imeshalipiwa. Kwa mpinzani mwenye nyota, ongeza sharti la kuleta kikosi chake cha kwanza, vinginevyo mashabiki watalipa kiingilio kuwaona vijana wasiowafahamu. Sambamba na hayo, omba kibali cha mechi kwa FIFA na CAF, kwa sababu mechi isiyo na kibali haihesabiki, na shughulikia viza na kadi za chanjo ya homa ya manjano mapema.

Waamuzi wawe na beji ya FIFA, yaani wanaotambuliwa kuchezesha mechi za kimataifa, na ni busara watoke nchi ya tatu. Wateuliwe na shirikisho la soka, kamwe wasiletwe na wakala au kampuni iliyoandaa mechi. Mechi za maandalizi za Afrika Kusini mwaka 2010 zilichafuka kwa upangaji wa matokeo baada ya kampuni ya nje kuachiwa kuwaleta waamuzi.

Siku moja kabla ya mechi, kikao cha pande mbili kithibitishe pamoja na mwamuzi idadi ya wachezaji watakaobadilishwa, kwa kufuata kikomo cha sheria za mchezo. Mei 2014 Ubelgiji iliifunga Luxembourg 5-1, lakini kocha wake alibadilisha wachezaji saba wakati kikomo kilikuwa sita, FIFA ikaifuta kwenye mechi rasmi na mabao matatu ya Romelu Lukaku yakafutwa nayo. Kocha anayetaka kuwaona wachezaji wengi zaidi aombe kipindi cha mazoezi cha pamoja na mpinzani asubuhi ya siku inayofuata, milango ikiwa imefungwa na matokeo yakiwa hayana kumbukumbu, na ombi hilo liingizwe kwenye mkataba ili mpinzani asikate tiketi ya kuondoka usiku uleule.