Jinsi ya kukata trela ambayo mtu ataikumbuka kesho yake

Trela nyingi za filamu zetu hazianguki kwa sababu ya kamera mbovu. Zinaanguka kwa sababu mhariri ameogopa kumnyima mtazamaji kitu. Anaweka ugomvi, anaweka harusi, anaweka kilio cha mama na bastola juu yake, na baada ya dakika tatu aliyeshika simu anajua steringi kasalitiwa na nani na kalipiza vipi. Kiingilio cha nini tena? Trela ni kitendawili, na kazi yako ni kutega tu. Ukikitegua mwenyewe, hakuna wa kukupa mji.

Maelezo haya yanafaa kwa filamu inayotangazwa YouTube, kwenye status za WhatsApp na, ukibahatika, ukumbini. Mfano wetu ni hadithi ya kubuni: dereva wa bodaboda wa Tandika anabeba abiria usiku, abiria anashuka na kusahau mfuko, na ndani ya mfuko kuna simu inayoita bila kukoma. Kwenye kioo chake pameandikwa "Mama".

Swali kwanza, kompyuta baadaye

Kabla ya kufungua programu ya kuhariri, andika kwenye karatasi swali moja ambalo trela italiacha wazi. Kwa hadithi yetu: huyu Mama ni nani, na mbona haachi kupiga? Bandika karatasi mahali unapoiona. Shoti inayolikoleza swali inabaki. Inayolijibu inatoka, hata kama ilipigwa kwa droni ya kukodi. Zenye shida zaidi ni zile nzuri zisizohusu swali lolote, jua linalozama Coco Beach kwa mfano. Nazo zitoke.

Kisha itazame filamu yote mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti na uweke alama kwenye picha zinazojieleza zenyewe: mkono unaotetemeka, mlango unaofungwa kwa ndani. Mara ya pili geuza kiti, usitazame kioo, sikiliza tu, na uandike mistari inayoeleweka bila kumwona anayesema. Lenga shoti 80 hadi 100 na mistari 15 hadi 20. Trela ya dakika 1 na sekunde 30 hivi itatumia shoti 50 hadi 70 na mistari 6 au 7. Chota kutoka theluthi mbili za mwanzo za filamu. Theluthi ya mwisho idokoe kwa shoti za chini ya nusu sekunde, ambazo mtu hawezi kuziunganisha na kupata jibu.

Kuhusu urefu, mwaka 2014 chama cha wenye kumbi za sinema cha Marekani kiliwataka wasambazaji wasizidishe dakika 2, na hao ni watu wenye mtazamaji ambaye tayari amekaa kitini na taa zimezimwa. Wako amesimama kituoni akisubiri daladala.

Kata kwa masikio

Hapa ndipo trela inapopona au kufa. Usianze na picha. Panga kwanza mistari ya maongezi, muziki na milio peke yake, mpaka ukiicheza ukiwa umefumba macho ujue panapopanda na panaposhuka. Picha zije kuvaa sauti iliyokwisha kusimama. Anayeanza na picha huishia kutandika wimbo mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na trela inageuka video ya muziki.

Tafuta ndani ya filamu mlio mmoja unaoweza kuwa uti wa mgongo. Kwenye mfano wetu tunao: simu inayotetemeka juu ya meza ya bati. Irekodi upya kwa karibu, maana ile ya siku ya kupiga picha itakuwa na feni na jogoo ndani yake. Sasa tazama inavyofanya kazi.

Sekunde ya 0 ni giza, na mtetemo juu ya bati. Hakuna nembo ya kampuni. Nembo itakuja sekunde ya 8 na itakaa sekunde 2, kwa sababu mtu anayepitisha kidole hasubiri kuijua kampuni yako. Sekunde ya 2 picha inafunguka: mfuko mweusi mezani, kijiwe kitupu. Simu inaita, inakata, inaita tena. Dereva anasema mstari mmoja tu: "Huyu Mama halali?"

Kuanzia sekunde ya 10 hadi ya 35 tunaonyesha maisha yake, kwa shoti za sekunde 2 hadi 4: mke anahesabu chenji, mwenye pikipiki anadai hesabu yake ya siku. Sekunde ya 35 ndiyo mgeuko. Anafungua zipu ya mfuko. Kamera haioni kilichomo, inaona uso wake, na muziki unakatika hapo hapo. Kutoka hapo shoti zinafupika hadi sekunde 1 au 2, na simu inaita kila baada ya sekunde 8, kisha 5, kisha 3. Dakika 1 na sekunde 10 mfululizo unaanza, kila shoti fremu 8 hadi 14 (fremu ni picha moja moja zinazounda filamu) kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Usishuke chini ya fremu 6. Kwenye kioo kidogo jicho halitaona shoti, litaona mwako tu.

Dakika 1 na sekunde 25: giza na kimya, sekunde moja na nusu. Simu inaita mara ya mwisho. Inapokewa. "Haloo?" Upande wa pili pumzi tu. Kata. Jina la filamu.

Kimya hicho kiwe kimya kweli. Wengi huzima muziki wakasahau sauti ya mazingira iliyobaki chini yake, na kishindo kinachofuata kinapoteza nusu ya nguvu zake. Na usikate kila shoti juu ya pigo la ngoma. Baada ya mapigo manne mtazamaji ameshajua kata inayofuata iko wapi. Chache zitangulie pigo kwa fremu 2, nyingine zipite pigo kabisa na kuangukia neno la mhusika.

Kosa jingine la sauti huletwa na spika nzuri za studio. Ule mngurumo mzito unaotikisa kifua ukiwa chumbani haupo kabisa kwenye spika ya simu, kwa sababu spika hiyo haitoi vizuri masafa ya chini ya hezi 200 hivi, yaani mitetemo 200 kwa sekunde. Kinachosikika ni hewa. Ongeza juu ya mngurumo tabaka lenye masafa ya hezi 300 hadi 1,000, kama kishindo cha mlango wa geti au chuma kinachoburutwa. Wala usikandamize sauti yote iwe juu ili ipige kelele kuliko za wenzako: YouTube hushusha chochote kinachozidi takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na trela yako itabaki bapa tena ndogo.

Maandishi, vichekesho na mizuka

Kadi ya maandishi iwe na maneno 3 hadi 6 na ikae muda wa kuisoma kwa sauti mara mbili. Kadi tatu zinatosha. Maneno kama "mapenzi, usaliti, kisasi" yameshatumika kwenye filamu nyingi kiasi kwamba hayatofautishi yako na nyingine. Afadhali kadi iseme jambo la filamu hii tu.

Filamu ya kuchekesha itoe kichekesho kimoja kizima, kuanzia kilipotegwa hadi kinapopasuka, na kile bora kuliko vyote kibaki ndani. Ya kutisha isiuonyeshe mzuka. Trela ya Alien, filamu ya kutisha ya mwaka 1979, karibu haina neno linalosemwa: yai linapasuka, mlio unapanda, watu wanakimbia, na mwishoni maandishi yanakumbusha kwamba angani hakuna atakayekusikia ukipiga kelele. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado inatajwa.

Trela ya gemu ina sharti lake. Mchezaji anataka kujua mikono yake itafanya nini, kwa hiyo ndani ya sekunde 10 mwonyeshe kitendo halisi cha kucheza, kilichorekodiwa kwa fremu 60 kwa sekunde. Trela ya Dead Island ya mwaka 2011, iliyosimulia kisa cha familia kuanzia mwisho kurudi mwanzo, ilisifiwa sana. Gemu yenyewe ilipotoka ilikuwa ya kukata mazombi kwa mapanga na kuboresha silaha, na huzuni ile ya trela wengi hawakuiona ndani.

Muziki usio wako

Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Ukilipia rekodi bila ruhusa ya mtunzi, au kinyume chake, umelipa nusu. Mfumo wa Content ID wa YouTube huutambua wimbo wenyewe, na mwenye haki anaweza kuifungia video au kuchukua fedha za matangazo yake. Pata ruhusa kwa maandishi, itaje trela kwa jina. Kumwagiza mpiga kinanda wa mtaani atunge sekunde 90 mara nyingi ni nafuu kuliko kuomba kipande cha wimbo unaovuma, na utamwambia akatishe wapi.

Kabla ya kuachia

Toa nakala tatu: ya mlalo ya 1920 kwa 1080, ya wima ya 1080 kwa 1920, na ya sekunde 30 kwa ajili ya status. Ya wima usiikate katikati kwa mkupuo. Ipange shoti moja moja, vinginevyo wahusika wawili wanaozungumza watabaki pua mbili pembezoni na ukuta katikati. Maandishi yake yakae mbali na chini na kulia, maana vitufe vitayafunika. Sini za usiku zipandishe mwanga kidogo: WhatsApp ikibana faili, giza hugeuka vibonge vya matope.

Waonyeshe watu watatu wasioijua hadithi, kwa simu, nje, juani. Usiwaulize kama ni nzuri, watakupa heshima. Rudi kesho yake uwaulize wanakumbuka nini. Wakitaja wimbo, punguza muziki. Wakikusimulia hadithi mpaka mwisho, rudi mezani ukatoe shoti. Wakiuliza aliyepiga simu alikuwa nani, weka tarehe na mahali itakapoonyeshwa kwenye kadi ya mwisho, ikae sekunde 4, na uiachie.