Kuongeza aplikesheni seva kwenye SAP, usikimbilie kuinstoli

Ndugu zangu mnaosimamia SAP (programu ya kuendesha hesabu na shughuli za kampuni) hapa Uganda, kama kila mwisho wa mwezi yuza wa Gulu na Mbarara wanapiga simu Kampala kulalamika skrini inazunguka tu, na databesi umeiangalia haijachoka, basi ongeza aplikesheni seva, yaani mashine nyingine ya kupokea kazi za yuza. Kuinstoli kwenyewe sio shida kabisa, mambo yanaharibikia kabla na baada.

Kwanza mashine mpya ipe jina fupi, lisizidi herufi 13, SAP haitaki zaidi ya hapo, alafu jina na IP yake viandikwe kwenye /etc/hosts ya mashine zote, mpya na za zamani, na saa zao zilingane. Seva mpya haina sapmnt yake (folda ya mafaili ya pamoja ya SAP), inamaunti ile ile ya zamani kwa NFS, njia ya kushea folda kwenye mtandao, pamoja na /usr/sap/trans.

Hapo kwenye sapmnt ndo niliumia. Kiwanda kimoja njia ya Jinja, sistimu inaitwa PRD, nimeweka kila kitu lakini instansi mpya, yaani SAP ya kwenye mashine mpya, inagoma kuwaka, inasema haina ruhusa ya kuandika kwenye folda, na yuza ni yule yule prdadm, yuza wa Linux anayeendesha SAP, nikahangaika mpaka usiku wa manane. Kuja kupiga ls -ln naona mafaili ni ya namba 1001, napiga id prdadm kwenye mashine mpya naambiwa 1002! Aliyeiandaa alitengeneza yuza mwingine kwanza, akachukua 1001. Linux haiangalii jina, inaangalia namba. Kwa hiyo tafadhali sana, kabla hujagusa kitu piga id pande zote mbili, namba ya prdadm na ya grupu sapsys ziwe zile zile.

Kuinstoli sasa: fungua SWPM (kifurushi cha SAP cha kuinstolia), ukiwa root washa sapinst, ingia kwa brauza poti 4237, chagua AAS (aplikesheni seva ya nyongeza) ya databesi yako, ikikuuliza folda ya profaili ipe /sapmnt/PRD/profile, mengi itayasoma yenyewe. Namba ya instansi ukichagua 02, poti zake zinakuwa 3202 na 3302, waambie watu wa faya-woli mapema, sio siku ya kazi. Ufunguo wa leseni huhitaji mwingine, ule unafungwa na mashine ya message server, ile inayogawa yuza kwenye seva.

Ikimaliza, ingia kama prdadm piga R3trans -d kupima kama inafika kwenye databesi, unataka kuona 0000, alafu sapcontrol -nr 02 -function GetProcessList, disp+work, prosesi kuu ya instansi, iwe GREEN. Ndani ya SAP unafungua skrini kwa kodi: SM51 ikuonyeshe seva mpya kwenye listi.

Wengi hapo wanafunga laptop wanaenda nyumbani, na seva inakaa kijani bila mtu ndani wakati ile ya zamani inazidiwa vile vile. Bado kazi. RZ10, ingiza profaili za seva zinazowaka. SMLG, iweke instansi mpya kwenye grupu ambayo yuza wanaingilia, hii ndo muhimu kuliko zote. RZ12 kwa ajili ya RFC (maombi ya programu kwa programu), na kama jobu zako za usiku zinatumia magrupu pita SM61.

Alafu nenda kwenye kompyuta za yuza wenyewe. Kama SAP Logon yao (programu ya kuingilia SAP) imeandikwa jina la seva ya kwanza moja kwa moja, SMLG haiwagusi hata kidogo, lazima wabadilishiwe waingie kwa grupu, na faili la services la kompyuta liwe na mstari wa sapmsPRD na poti ya message server, yaani 3601 kama ASCS yako (instansi yenye message server) ni 01. Waliokwisha ingia hawahamishwi, mpaka watoke waingie upya.

Asubuhi yake watu wakishakaa kazini fungua AL08, orodha ya yuza walioingia kwenye kila seva, uhesabu. Ukikuta ya zamani ina yuza 140 na mpya ina 3, usiguse seva, anza na kompyuta ya yeyote aliyeko karibu na wewe, angalia SAP Logon yake imeandikwa nini.